Badala ya namba za bahati, tupeni 381654729

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila Jumapili mnatuchapishia nyota, na chini ya kila nyota namba za bahati. Wiki iliyopita sisi wa Mizani tulipewa 7, 19 na 33. Bahati yenyewe sijaiona, ila sigombani na mnajimu wenu. Ninachoomba ni kisanduku kidogo kando yake, cha namba yenye sifa ambazo msomaji anaweza kuzihakiki mwenyewe kwa kalamu.

Chukueni 381654729. Ina tarakimu zote kuanzia 1 hadi 9, kila moja mara moja tu. Ianze kushoto: 38 inagawanyika kwa 2, 381 kwa 3, 3816 kwa 4, 38165 kwa 5, hivyo hivyo mpaka namba nzima igawanyike kwa 9. Ukitaka na kumi, bandika 0 mwishoni. Tarakimu hizo tisa zinapangika kwa namna 362,880, na ni hii peke yake inayotimiza masharti yote.

Nimefundisha Hisabati shule ya msingi miaka mingi huku Korogwe, na swali hili huwapa wajukuu na wenzao wakija barazani na simu zao. Simu haina kazi hapa. Tano lazima ikae katikati, maana sifuri haimo. Nafasi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane ni za shufwa, basi witiri zinagawana zilizobaki. Tisa ni ya bure kabisa: jumla ya tarakimu zote ni 45, uzipange utakavyo. Ukiongeza kanuni za 3, 4, 6 na 8, ambazo kila mtoto amefundishwa, zinabaki namba kumi tu.

Na kati ya hizo kumi imo 987654321! Watoto huishangilia hiyo, imejipanga kama gwaride. Inapita kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, hata 9. Kwa 7 inakwama: 9876543 inaacha baki 5. Kanuni ya saba hakuna anayeikumbuka, kwa hiyo ni kugawanya kwa mkono. Katika 3816547, 38 kwa 7 ni 5 baki 3, shusha 1, 31 kwa 7 ni 4 baki 3, shusha 6, mpaka unapata 545221 bila baki. Zile tisa nyingine zote huangukia kwenye saba hiyo hiyo.

Kwa kuwa barua hii imeshavujisha jibu, kisanduku cha kwanza wekeni 73939133. Ni namba tasa. Ifute tarakimu moja moja kutoka kulia, kila inayobaki ni tasa, hadi 7. Barazani kwangu wameanzia upande wa 7 na wameshathibitisha mpaka 7393.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga