Barua ya kufunga muhula: habari tunazopokea kwenye simu

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii, na kila mwanafunzi atakuja nyumbani na ripoti yake ya maendeleo. Naomba muisome pamoja naye, msaini, kisha aje nayo siku ya kufungua. Tarehe imeandikwa chini ya ripoti. Wazazi wa darasa la nne na la saba mtapata maelezo yenu kwa walimu wa madarasa hayo. Ahsanteni sana mliochangia mahindi na maharage. Watoto hawakukosa uji wala makande muhula mzima.

Sehemu kubwa ya barua hii nataka kuzungumzia habari tunazopokea kwenye simu na kuziamini kabla ya kujua zimetoka wapi.

Mnakumbuka siku wauguzi walipokuja kuwachanja mabinti zetu chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilizunguka sauti kwenye magrupu ya WhatsApp, likiwemo la wazazi wetu. Mama mmoja anaanza, "Jamani wazazi wenzangu," halafu anasema jana kwenye shule moja wasichana wamechomwa sindano ya kuua kizazi na wengine wamelazwa. Asubuhi mabinti wengi hawakuonekana shuleni. Waliokuja, baadhi walikuwa wanalia.

Siwalaumu waliowazuia. Mzazi akisikia mwanawe yuko hatarini hangoji. Lakini ukweli wa chanjo ile ni huu. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa nchini, karibu yote husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Tanzania ilianza kutoa chanjo nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaingia kwenye utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo haiui kizazi. Ugonjwa wenyewe ndio unaomnyima mwanamke uzazi, maana mara nyingi matibabu yake ni kukiondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi. Binti aliyefichwa nyumbani siku ile ndiye aliyeachwa bila kinga.

Wiki iliyofuata mwalimu wa Uraia na Maadili aliandika maneno ya ile sauti ubaoni, sentensi moja moja, akawauliza darasa la sita: mama huyu angekuwa hapa, mngemuuliza nini? Mkono wa kwanza ulisema, "Jana ya lini?" Wakaendelea wenyewe. Shule moja, ipi? Wamelazwa hospitali gani? Yeye ni nani, na amejuaje? Hakuna swali hata moja lililopata jibu kwenye ile sauti. Na juu yake palikuwa na mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo hautumwi kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa wakati, ili kupunguza kasi ya uvumi. Kwa hiyo "jana" ile inaweza kuwa ya mwaka juzi. Nilijivunia sana watoto wale, na natamani maswali yao yaulizwe sebuleni kwetu pia.

Likizoni watoto watashinda na simu zetu kuliko wakati wa masomo. Naomba sauti na video za grupu tusizifungulie spika mbele yao kabla hatujazisikiliza wenyewe. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la pili alichora basi lililopinduka na watu wamelala barabarani. Alipoulizwa, alisema kaka alimwonyesha kwenye simu. Siku hizi halali vizuri. Video za ajali zenye miili ya watu zifuteni, msizisambaze. Marehemu wale wana ndugu. Mkitaka kujua ya nchi, ketini na watoto msikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kisha waulizeni wameelewa nini. Naamini nusu saa hiyo ina faida kuliko kuchungulia simu kutwa nzima.

Kwa wazazi wa darasa la saba: baada ya mtihani zitaanza jumbe za watu wanaodai wanaweza kurekebisha matokeo au kuyatoa mapema kwa malipo. Matokeo hutangazwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, na huwekwa kwenye tovuti yao bure. Msitume hela, msitaje namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli utumeni kwenda 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), pamoja na namba iliyowatumia.

Kikao cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa tatu asubuhi, darasa la tano. Muuguzi wa kituo cha afya amekubali kuja, na mabinti waliokosa chanjo wataandikishwa siku hiyo. Mwenye sauti au ujumbe wowote unaomtia hofu kuhusu chanjo, aje nao kwenye simu tuusikilize pamoja mbele ya muuguzi.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu