Rehema, nitafutie kitabu kabla Mzee hajanimaliza

Kibosho, Moshi

Mpendwa Rehema,

Habari za Dar na joto lenu? Sisi hatujambo. Mvua inanyesha, njia ya kushuka mjini ni tope tupu, bodaboda wamepandisha nauli. Najua umeninunia kwa kimya changu, endelea kuninunia tutapatana Desemba. Leo nina shida na wewe ndiye wa kunitoa.

Mzee anasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Maandishi hayaoni kabisa, na unamjua, huyu ni mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa dagaa. Redio anasema imejaa siasa. Basi kila jioni baada ya chakula namsomea mimi, kutoka lile sanduku la bati unalolijua. Nikaanza na Kisiwa chenye Hazina, ile tafsiri ya Johnson. Nilidhani atasinzia ukurasa wa tatu. Wapi! Tulipofika pale yule kijana Jim amejibanza ndani ya pipa la matufaa, anawasikia maharamia akina Silver wakipanga kuua, Mama alikuwa anaosha vyombo. Mzee akamwamuru aache, sufuria zinampigia kelele. Mama hajamsamehe hadi leo.

Sasa sikia balaa. Tumefika maharamia wanafuata ramani, wameuona ule mti mrefu, wanakimbia na majembe, na shimo wanalikuta tupu. Hazina imeshachukuliwa. Nafunua ukurasa unaofuata, hakuna. Mchwa wamekula mwisho wote, wakaacha jalada. Stevenson, mtunzi wake, aliitoa hadithi hii vipande vipande kwenye gazeti la watoto kabla haijawa kitabu mwaka 1883, ndiyo maana sura zake zinakatikia pabaya makusudi. Yetu imekatikia pabaya kuliko alivyokusudia.

Nikamwambia, Baba, mwisho naujua, ngoja nikusimulie. Akakataa katakata. “Wewe utanipa muhtasari. Mimi nataka maneno yake.”

Tangu hapo nyumba imekuwa kituo cha polisi. Anapeleleza ni nani aliyechukua hazina. Silver kamfuta kwenye orodha: mwenye mguu mmoja na gongo hachimbi shimo la ukubwa ule akalimaliza. Anamshuku Daktari Livesey, aliyewapa maharamia ile ramani, maana mtu mwenye akili hagawi ramani ya dhahabu bure. Rehema, umeona jinsi alivyokaribia? Na Ben Gunn, aliyetelekezwa kisiwani miaka mitatu akawa anaota jibini, kamsahau kabisa. “Yule kichaa wa jibini? Achana naye.” Nauma ulimi.

Nimejaribu kumpoza na vingine. Mashimo ya Mfalme Sulemani alikisikiliza, hasa pale Mwingereza mmoja, Good, anapowatisha watu kwa meno ya bandia, lakini akawa ananikatiza. Eti Wakukuana, wenyeji wa nchi ile ya hadithini, wote hao walikaa wakiwangoja Waingereza watatu ndipo mfalme mbaya aondolewe? Nikamweleza kwamba Haggard, mtunzi wake, aliandika baada ya kubishana na kaka yake kwa dau la shilingi tano, kwamba naye anaweza kutunga hadithi ya kushindana na hiyo ya Stevenson. Mzee akafikiri, akasema, “Shilingi tano wampe. Ya sita hapana.” Na mimi naona hivyo hivyo. Mbio zake ni nzuri, macho yake kwa watu weusi ndiyo yenye kasoro.

Cha Jules Verne cha puto ndicho kilicholeta vita. Kimechapwa 1863, safari inaanzia Unguja, puto likifika Tabora wenyeji wanadhani ni mwezi umeshuka, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza. Mzee alifanya kazi ya reli Tabora, utani wake na Wanyamwezi akauweka pembeni, akawatetea usiku mzima. Verne hakuwahi kukanyaga Unguja wala Tabora, na inajulikana tu.

Kwa kicheko, kile cha Jerome cha watu watatu na mbwa kwenye mto Thames. Kiko kwa Kiingereza, nikawa natafsiri papo hapo. Wana nanasi la kopo na hawana cha kulifungulia, wanalipiga hadi kwa mlingoti, kopo limebondeka vibaya sana na bado halifunguki. Mama, ambaye vitabu havimhusu, alicheka mpaka akaomba maji.

Kilichomtuliza Mzee ni cha Kitereza pekee, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Pale Myombekere anapotakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mkewe, Mzee alinisimamisha akanieleza tangu kumenya ndizi hadi kimea cha ulezi jinsi mbege inavyopikwa huku kwetu. Sikusoma tena usiku ule. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho bora kupita vyote nilivyotaja, na hakina hata haramia mmoja. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa 1980. Lakini hata hapo, tukifunga kitabu tu, Mzee anauliza: “Yule daktari, ramani aliitoa kwa nini?”

Kwa hiyo, wale wauza vitabu vya mitumba wa Posta bado wapo? Utanipitia unitafutie Kisiwa chenye Hazina? Kikiwa kimechakaa sawa, bora ukague kurasa za mwisho kwanza. Au ile nakala yako ya shule unayo bado, au ndiyo uliyomwazima shemeji Godi? Alishawahi kurudisha kitu yule? Na mwalimu wetu wa Kiswahili bado yuko Kimara? Baba Asha kapata kazi? Desemba mnapanda, au mtatuletea tena hadithi za nauli?

Ukikipata mpe kondakta wa basi la asubuhi, unipigie nikakisubiri stendi. Hela nitakutumia kwa simu. Na ukiongea na Mzee, tafadhali sana, jina la Ben Gunn lisikutoke.

Wako,
Manka