Barua kwa vijana wa mwambao: Congo inapowaka, sisi Kigoma tushike lipi?

Wajukuu zangu wavuvi, wapakizi na manahodha wa Kibirizi, Ujiji, Mwamgongo hadi Kagunga,

Salaam nyingi. Tangu Goma, mashariki ya Congo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, vijiwe vyetu vya kahawa vimegeuka makao makuu ya jeshi. Huyu anapeleka vikosi, yule anafunga mpaka, wa tatu ameshashinda vita kabla kikombe hakijapoa. Nawasikiliza. Wengi wenu mnataka mambo mawili: Tanzania ipeleke jeshi ikamalize kazi, na wageni wote waondolewe Kigoma ndipo tulale. Yote mawili nayakataa.

La jeshi halina haja ya maneno mengi, maana tumeshalijaribu. Mwaka 2013 vijana wetu waliingia Congo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, kamanda wao akiwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huohuo M23 wakashindwa. Kufika 2022 walikuwa wamerudi vitani. Bunduki iliwatoa vilimani, lakini ugomvi wa ardhi, uraia wa watu wa Kivu, madini, na uhasama wa Kinshasa na Kigali ulibaki palepale. Desemba 2017 tukazika askari wetu waliouawa Semuliki, katika shambulio lililodhaniwa kuwa la waasi wengine kabisa, ADF. Mwishoni mwa 2023 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikapeleka majeshi tena, ya kwetu yakiwemo. Machi 2025 ikaamua kuyaondoa. Askari wetu siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu ninyi mnaodhani wanaweza kumaliza kwa risasi jambo ambalo wenye nchi hawajakaa wakalimaliza.

Tulicho nacho sisi, na majirani wengi hawana, ni kwamba kila upande unaweza kuja kuketi kwetu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sisi na Congo tu tulio pia ndani ya SADC, na tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa jumuiya zote mbili walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya vita hivi. Burundi nayo, wakati wa rais wake Buyoya, ilitushutumu kwamba tunafuga waasi katika kambi za wakimbizi, na sisi na majirani tulikuwa tumeiwekea vikwazo. Pamoja na uchungu wote huo, Agosti 2000 Warundi walitia saini mkataba wa amani Arusha, katika mazungumzo aliyoyaongoza Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, Mandela. Basi kijana wa Ujiji anapojaza simu yake matusi juu ya Wanyarwanda leo, kesho juu ya Wakongo, anadhani anaitetea nchi. Anaipunguzia heshima iliyochukua miaka kujengwa. Tena mizigo yenu inakwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, mnamtukana mteja!

Sasa la wageni. Hapa nitakaa kidogo.

Mgeni ni nani Kigoma? Waha wa Kasulu na Kibondo wana shangazi ng'ambo ya mpaka. Wamanyema wa Ujiji asili yao ni Congo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikaa Katumba na Mishamo kule Katavi, na Ulyankulu kule Tabora, wakalima, wakazaa, na kufika 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia wetu. Mwenye asili ya hapahapa kila siku akiambiwa athibitishe Utanzania wake, akiona mtu wa ajabu ufukweni atakaa kimya. Atasema kwa ajili ya nani?

Cha kuogopa ni silaha. Baada ya 1994, askari na wanamgambo waliofanya mauaji ya Rwanda walijichanganya na raia katika kambi za Goma na Bukavu, wakajipanga upya. Mwaka 1996 vita ikawafuata humohumo kambini, na mashariki ya Congo haijatulia tangu hapo. Nasi tulionja: kuna miaka mabasi ya Kibondo hayakutembea bila polisi wa kusindikiza. Na msidhani majambazi wale wote walikuwa wa kuja. Kwa hiyo watu wakivuka tena kama walivyojazana Kagunga mwaka 2015, kipindupindu kikawakuta palepale, wapokeeni, wapeni maji safi, wafikisheni kwa viongozi. Mwenye bunduki atengwe siku hiyohiyo.

Ninyi ndio mnaojua Ziwa Tanganyika usiku. Boti isiyo na namba mnaiona kabla ya doria. Mtu anayetaka kuvushwa gizani kwa nauli ya mara tatu anakuja kwenu. Msimpakie. Na madumu ya mafuta msimuuzie msiyemjua, hata kama dagaa hawakupatikana wiki nzima.

Najua mtaniambia: babu, aliyepeleka taarifa alilala ndani kama mshukiwa. Kweli, limetokea, na ni upumbavu. Viongozi wa vijiji na kata, hili ni lenu: bila kumlinda mtoa habari, doria itazunguka na mafuta yataisha bure.

Mwaka 2024 nchi nne zenye ziwa hili, sisi, Congo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mlinung'unika, nami nilinung'unika kwa kukosa mgebuka. Lakini kama zinaweza kukubaliana juu ya samaki, kwa nini zisikubaliane boti zote ziandikishwe kwa mtindo mmoja, na injini iliyoibiwa Kibirizi itambulike Uvira? Mbunge akija, muulizeni hilo kabla hamjamuomba jezi za mpira.

Babu yenu,
Ujiji