Alama 3 kati ya 5

Mhariri,

Juzi kijana mmoja alipiga hodi kwangu na kishikwambi chake, akaniuliza: kwa alama 1 hadi 5, nimeridhika kiasi gani na maisha ya hapa jijini Dar es Salaam? Nikamwambia, "Mwanangu, nilinganishe na lini?" Akacheka. Nikasema basi andika 3, tukaagana.

Nilihamia Sinza 1986, kwenye viwanja vilivyopimwa katika ule mradi wa miaka ya 1970 pamoja na vya Kijitonyama na Mikocheni. Kazini kwangu Kariakoo nilikwenda kwa chai maharage, ile pikapu yenye mabenchi mnakaa mkitazamana, magoti yamebanana, na kondakta bado anaita wawili wa mwisho. Maji tuliyavizia saa 9 usiku. Angenikuta wakati ule, ningempa 2 na maneno juu yake. Lakini nilikuwa nalala. Ikifika saa 3 usiku husikii kitu ila vyura wa Mto Ng'ombe.

Leo daladala nazipanda hapo kona, maji siku za kutoka ni nyingi kuliko za kukatika, na duka la dawa naliona kutoka dirishani. Kwa yale niliyoyalilia 1986, ningestahili kutoa 5. Ila baa ya jirani ikifungulia spika, vikombe vyangu kabatini vinagongana hadi saa 8 usiku, na Jumapili ndiyo balaa. Nimekwenda kulalamika, nikajibiwa, "Mama, hapa ni mjini."

Sensa ya 2002 ilihesabu watu kama milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.38. Zamani kero yetu ilikuwa kukosa, sasa ni kubanana. Ile 3 yangu, basi, ina 5 ya usafiri na 1 ya usingizi ndani yake, na atakayeisoma kwenye ripoti hatajua.

Nawaomba wanaofanya tafiti hizi waulize jambo mojamoja, maji kivyake, usafiri kivyake, usingizi kivyake, na mwakani warudi mlango uleule. Wanaosimamia kanuni za kelele na mitetemo za 2015 nao waje na vipimo vyao usiku, si saa 4 asubuhi baa imefungwa. Wasihofu kunisumbua, watanikuta macho.

Mama wa Sinza,
Dar es Salaam