Risala ya Wahadhiri na Wanafunzi Watafiti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Ripoti ya Mikutano ya Kimataifa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kufika ukumbini kwa wakati, jambo ambalo hatujalizoea.

Kikundi chetu kilianzishwa na wahadhiri wachache wa sheria, uchumi na sayansi ya mazingira pamoja na wanafunzi wao, ili kufuatilia mikutano ya kilele ya kimataifa. Historia yake ni ndefu, tutaiacha. Mafanikio ni mengi. Tumeendesha kikao cha kuiga Baraza la Usalama, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitumia kura ya turufu mpaka mwenyekiti akaahirisha kikao. Tumeandaa andiko la kisera lililovuka mipaka ya nchi (lilitumwa kwa barua pepe, na tulijibiwa). Tumeshiriki pia mkutano wa kilele kwa njia ya mtandao, hadi pale mtandao ulipokatika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyuo vikuu si wageni katika mambo haya. Wanasayansi wengi wanaoandika ripoti za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, wanatoka vyuoni, na jopo haliwalipi mshahara. Chuo Kikuu cha Toronto kina kikundi kinachofuatilia mikutano ya G7, kundi la nchi saba tajiri zenye viwanda, tangu mwaka 1987, nacho hupima kila nchi mwanachama imetekeleza ahadi zake kwa kiasi gani. Tulipousoma utaratibu huo tulitamani kuuanzisha hapa, tena tukianza na ahadi zinazotolewa katika ukumbi huu.

Changamoto tunayo moja tu. Wataalamu wa chuo tunaitwa mkutano ukishakaribia, pengine ukishaanza. Rasimu inatufikia ikiwa imejaa mabano, yaani maneno ambayo nchi bado hazijakubaliana, na chini yake ujumbe mfupi: “Tunaomba maoni kesho asubuhi.” Kwa upande wa tabianchi, rasimu hizo huanza kupikwa Bonn, Ujerumani, mwezi Juni, miezi kadhaa kabla marais hawajapanda jukwaani. Anayeingia mwishoni hupigania koma.

Ni kweli chuo kinaweza kusajiliwa kama mwangalizi, na vingi vimesajiliwa. Lakini majadiliano yakifika pagumu, milango hufungwa na waangalizi hubaki kwenye korido wakisubiri kudokezwa na wajumbe waliochoka. Huko ndani nako, ujumbe wa nchi wenye watu wachache hugawana vikao vinavyofanyika saa ileile: fedha huku, upunguzaji wa gesijoto kule, masoko ya kaboni, yaani biashara ya vibali vya gesijoto, chumba cha tatu. Kiti cha nchi kinabaki kitupu, na kipengele kinapita.

Tuchukue fedha. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009, nchi tajiri ziliahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022. Kwenye mkutano wa Baku mwaka 2024 likawekwa lengo jipya la angalau bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Je, mkopo utahesabiwaje? Na msaada wa zamani uliobadilishwa jina? Hayo ni maswali ya mchumi aliyekaa na takwimu mwaka mzima, si ya mjumbe aliyeshuka kwenye ndege jana usiku.

Kwa hiyo tunaomba chuo kiingizwe kwenye vikao vya maandalizi tangu siku ya kwanza, na wataalamu wetu wawili wawemo katika orodha ya ujumbe wa nchi. Orodha hiyo nchi huiandaa yenyewe. Nauli tuko tayari kuitafuta.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilipokea kwa makofi akasema, “Hilo limekwisha, lihesabuni.” Tunalihesabu kila mwaka. Aliyekuwa kabla yake alielekeza tuandike barua. Tuliandika, tukajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Nakala ya jibu tumeiambatisha, pamoja na ya mwaka uliofuata, inayofanana nayo kila kitu isipokuwa tarehe.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, tunaomba leo tusipewe ahadi. Tunaomba jina la ofisa tutakayemwona na tarehe ya kikao cha kwanza. Mshereheshaji ana kalamu. Baada ya hapo tutakukaribisha uzindue ripoti yetu na tupige picha ya pamoja.

Tunaomba kuwasilisha.