Barua ya wazi kwa Waziri: Usifunge manowari zote zilizozama

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya bahari na mambo ya kale,

YAH: RASIMU YA KANUNI ZA UZAMIAJI KWENYE MANOWARI ZILIZOZAMA

Mheshimiwa, salamu nyingi. Rasimu hiyo nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaona aliyeiandika ana nia njema, ila hajawahi kulowanisha kichwa. Anataka kila manowari iliyozama ifungwe kwa kila mzamiaji, kwa sababu mbili: wazamiaji hufia humo, na humo wamelala mabaharia. Zote mbili ni kweli. Dawa aliyoiandika ndiyo siyo.

Nianze na hatari, maana siwezi kuipamba. Kila mita 10 unazoshuka zinakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 40, pumzi moja inakula hewa ya pumzi tano za juu, na nitrojeni imeshaanza kulewesha. Nimemwona mtu mzima na akili zake akimkodolea macho samaki huku mshale wa geji yake ya hewa unateremka. Sasa mwingize huyo ndani ya meli iliyolalia ubavu. Ukuta umekuwa sakafu, mlango umekuwa shimo, ngazi inakwenda pembeni. Mapovu yake yanagonga dari na kutu inamshukia kama majivu. Pezi likigusa mashapo mara moja tu, hata mkono wake haoni. Hapo huwezi kusema nipande zangu juu, kwa sababu juu ni chuma. Kinachokutoa ni kamba uliyokuja ukiitandaza tangu mlangoni, na theluthi ya hewa uliyoapa hutaigusa: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya balaa.

Mambo haya yanafundishwa, Mheshimiwa, na yanapimika. Tatizo ni kwamba wengi hupima kadi za kufuzu tu. Safari moja boti ilitupakilia mwenzetu mwenye kadi zote, bado zinang'aa. Tulipofika kwenye mlango wa chumba cha injini akatia kichwa ndani, bila kamba, kama anayechungulia jikoni. Nilimvuta kwa pezi. Hakuna aliyekuwa amemwomba daftari lake la mbizi, lenye kuonyesha amezama mara ngapi, wapi, kina gani, na lini mara ya mwisho. Kanuni yako ikilazimisha daftari hilo lisomwe kabla nanga haijang'olewa, itaokoa watu kuliko marufuku.

Sasa wafu. Scapa Flow, kule Scotland, pametufundisha kwamba meli na meli hazifanani. Tarehe 21 Juni 1919 Admirali Ludwig von Reuter aliamuru meli zake za Kijerumani, zilizokuwa zimezuiliwa humo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zizamishwe na mabaharia wake wenyewe. Kati ya 74, zilizama 52. Nyingi ziliopolewa baadaye. Zimebaki manowari kubwa tatu na nyepesi nne, na wazamiaji huzifuata kutoka pande zote za dunia. Katika maji hayohayo imelala manowari ya Uingereza, HMS Royal Oak, iliyopigwa topedo na nyambizi U-47 usiku wa 14 Oktoba 1939, ikafa na watu zaidi ya 800. Ile ni kaburi, imefungwa, na sijamsikia mzamiaji wa maana akinung'unika. Sheria ya Uingereza ya 1986 inazigawa hivyo: zipo zisizokaribiwa bila kibali, na zipo unazoweza kutazama bila kugusa wala kuingia. Rasimu yako haina ngazi hizo. Ina kufuli moja kwa milango yote.

Na kufuli hilo linamzuia nani? Manowari De Ruyter, Java na Kortenaer za Uholanzi zilizama katika mapigano ya Bahari ya Java, kule Indonesia, mwaka 1942. Mwaka 2002 wazamiaji wa kiraia walizikuta De Ruyter na Java chini. Mwaka 2016 msafara ulioandaliwa kwa kumbukumbu ya miaka 75 ulizikuta hizo mbili hazipo kabisa, zimeacha alama tu kwenye mchanga; Kortenaer ilikuwa imebaki kipande. Meli nzima haibebwi na mtu mwenye mitungi miwili mgongoni. Inabebwa na matishari yenye kreni, yanayokuja kufuata chuma na shaba. Mwizi wa namna hiyo haombi kibali. Anachoomba ni pasiwe na macho.

Kwa hiyo naomba orodha ya meli moja moja: hii kaburi, hii ya kutazama kwa nje, hii ya kuingiwa na wenye uzoefu. Makombora na mafuta yaliyomo yawe sehemu ya uamuzi huo. Na iwepo ofisi ya kupokea taarifa zetu.

Hilo la ofisi nina sababu nalo. Kwenye meli moja, ambayo sitaitaja kwa kuogopa wageni, kulikuwa na ujia wenye soli ya buti, misumari yake bado inahesabika, na kando yake kikombe cheupe kilichozama nusu kwenye mashapo, kishikio juu. Nilipiga picha nikaviacha. Mwaka uliofuata nilivikuta vilevile, na kamba mdogo amehamia kikombeni. Mwaka wa tatu soli ilikuwepo. Pale pa kikombe palikuwa na tundu la duara, kingo zake hazijaporomoka bado.

Nilitafuta wa kumpelekea picha hizo, sikumpata. Zote tatu ninazo, na tarehe zake.

Wako mtiifu,
Mzamiaji