Pesa nimetuma, lakini kwanza nisikize

Baba Kevo,

Mesej yako niliiona Jumanne nikiwa kazini, sikujibu juu nilikuwa na hasira. Ile elfu 35 ya Machi ilikuwa ya mbegu mpya, si ya giaboksi ya pikapu. Usimuulize Mama kama ni yeye aliniambia. Ukachota ngano ya stoo, ile ile Robin ya miaka yote, ukapanda, sasa unaniambia imeshika wekundu.

Si nilikwambia? Robin ilitoka 2011 ikiwa moto, hata Mzee akaisifu na unajua Mzee hakuwa mtu wa kusifu kitu, lakini kufika 2014 rasti, huo ugonjwa wa kuvu unaoshika shina, ilikuwa na aina mpya imeshaijulia. Ilikuwa inategemea sana jeni moja ya kuikinga, kama nyumba ya kufuli moja, mwizi akipata ufunguo hata hahitaji kuvunja. Siku hizi wanajaribu kuweka jeni kadhaa kwa mbegu moja.

Na vile mlinicheka kwa matanga ya Guka, eti nimepanda ndege nikasomee ugonjwa wa ngano! Sasa skia. Wiki jana profesa alishika shina mbele ya watu wa PhD akauliza rasti imekula asilimia ngapi. Nikasema 40 bila kuangalia chati, wakapima, ikawa 40. Hiyo sikusoma kwa kitabu. Ni pale Njoro nikiwa kibarua kwa zile ploti za utafiti, mistari na mistari ya ngano kutoka kila nchi imeletwa igonjeke makusudi ndio ijulikane gani itasimama, jioni narudi suruali nyekundu kama mtu wa matofali, Mama anakataa kuiloweka na nguo za wengine.

Huku St. Paul, Marekani, ni baridi, tuwachie hapo. Hiyo rasti yetu, Ug99, ile ilionekana Uganda 1998, huku inashughulikiwa wakati wa baridi tu, ndani ya jumba la kufungwa, na hutoki bila kuvua kila kitu na kuoga, ndio hata chembe ikitoroka ipate theluji badala ya ngano. Mimi nimevuta hilo vumbi tangu nikiwa mtoto, hapa naoshwa kama nimekutana nalo jana. Siku moja nilisimama kwa hiyo shawa nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka, wacha tu.

Kwa hivyo ile mpango yako ya kumpea mtoto wa Tata mashina kwa bahasha aniletee nipime, wachana nayo kabisa. Atashikwa eyapoti na mimi nifutwe.

Pesa ya dawa iko kwa Mama, usiskie vibaya. Kabla hujanunua chochote shuka pale chini karibu na ua wa kayaba, umande hukaa huko mpaka saa nne, pitisha kidole kwa shina. Vumbi la rangi ya matofali likibaki kidoleni na shina limepasuka pasuka, ni yenyewe. Ikiwa ni mistari ya njano kwa majani, hiyo ni ingine, nipigie. Na kama punje zishajaa na zinaanza kukauka usipulize, umechelewa, hiyo pesa Mama aiweke ya mbegu, na safari hii nataka picha ya risiti.

Cucu anakula vizuri? Na pikapu, angalau inaingia gia?

Ni mimi mdogo wako.